Sauti ya Katikati

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, mwaka tisini na nane, duka la kurekebisha nguo pale Oxon Hill, nje kidogo ya Washington, lilifurika wateja hadi mlangoni. Mwatime, pini mdomoni, alikuwa anapunguza gauni la bibi harusi aliposikia nyuma yake sauti nzito ya taratibu: "Shikamoo, mama."

Akageuka. Mmarekani mweusi wa miaka hamsini hivi, kofia ya kufuma kichwani, amebeba suti nne za zambarau, zote sare.

Mwatime akatoa pini. "Shikamoo? Kaka, mimi nina miaka arobaini. Unataka kunizika?"

"Samahani. Mwalimu wangu wa chuo alisema ni heshima."

"Basi mwalimu wako alikuwa haoni vizuri."

Wakacheka, foleni ikanung'unika. Jina lake Ziyad. Suti zilikuwa za kundi lao, Benning Four, wanaume wanne walioimba pamoja tangu ujana. Sasa vitambi vilikuwa vimeota, na suti zilitaka kutanuliwa kiunoni.

Suti zikaisha, simu zikaanza.

"Niimbie basi," Mwatime alimwambia jioni moja.

Ziyad akavuma. Sauti ikapanda kidogo, ikashuka kidogo, ikakaa palepale.

"Wimbo gani huu, hauna kichwa wala miguu?"

"Ni sauti ya katikati, mpenzi. Wenzangu wako juu na chini, mimi nawashikanisha. Hakuna anayeisikia, lakini ikitoka wote wanapwaya."

Mwatime hakuelewa, ila siku hizo akipiga pasi alijikuta anaivuma mwenyewe. Alikuwa amependa, na alijua.

Mwaka uleule kundi lilihama kampuni ndogo ya Washington iliyowalea, likaenda kwa wakubwa wa New York. Huko hawakuzunguka tena maikrofoni moja. "Wanani-record peke yangu," Ziyad alilalamika, "kibandani, siku yangu. Sijui naimba na nani." Kaseti ilipotoka, sauti iliyosikika ni ya Akintunde, kiongozi wao, wengine walikuwa wamefunikwa na vinanda vya kompyuta. Haikuuzwa. Lawama zikafuata, na kufikia Septemba wanaume wanne waliokula sahani moja miaka ishirini na saba walikuwa hawasalimiani.

Oktoba Ziyad akaenda Germantown, kwa Ami Vuai, baba mdogo wa Mwatime. Alikwenda peke yake, na maua.

"Nimekuja kumwomba Mwatime," akasema.

Ami Vuai akammiminia chai, akamuuliza habari za barabarani, posa hakuigusa. Kwa watu wa Unguja mwanamume hajiposei. Hutuma watu wake, yeye hubaki nyuma.

Usiku huo Mwatime akampigia Ziyad simu. "Umekwenda kwa Ami kama mtu anayenunua gari! Huna watu wewe?"

"Watu wangu ni wale watatu. Hatusemezani."

"Mume wangu wa kwanza aliniposa hivyohivyo, mwenyewe. Aliponiacha sikuwa na wa kumwendea, wala wa kuniuliza kulikoni. Sirudii tena, Ziyad. Heri nikae."

Akakata simu. Wiki sita hakupigiwa. Alisema liwalo na liwe, lakini kila simu ya dukani ilipolia alikuwa wa kwanza kuinyanyua.

Jumapili moja ya Desemba, baada ya adhuhuri, kengele ya mlango wa Ami Vuai ikalia. Mwatime, aliyekuwa amekuja kumpikia, akachungulia kupitia pazia la jikoni. Wanaume watatu, suti za zambarau. Mshono wa kiunoni aliutambua, ni wake.

Akintunde ndiye aliyesema. "Mzee, Ziyad alikuja kuniomba msamaha kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Nikaona haya. Nikawapigia hawa wengine. Tumekuja kumposea ndugu yetu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Garini. Ametuambia mwenye posa haingii."

Ami Vuai akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na mambo yakiharibika, binti yetu amwendee nani?"

"Sisi. Yeyote kati yetu, saa yoyote."

"Mlishagombana nyinyi."

"Tuligombana. Ndiyo maana tunajua bei yake."

Mzee akawaza. "Nasikia mnaimba. Hebu."

Wakaimba, taratibu, bila kinanda. Sauti zilikuwa nzuri lakini katikati palikuwa na pengo, na Mwatime akalijua pengo lile kama anavyolijua jina lake. Hatimaye akaelewa alichokuwa akiimbiwa kwenye simu.

Walipomaliza Ami Vuai akaita. "Mwatime! Mwanamwali akinyamaza amekubali. Wewe ulishaolewa, lazima tukusikie."

"Waambie waanze tena, Ami," akasema nyuma ya pazia.

Wakaanza tena. Mwatime akafumba macho, akavuma palepale katikati, panda kidogo, shuka kidogo. Akintunde akapoteza maneno, akafuta machozi kwa mkono wa suti, akaendelea.

Ami Vuai akasimama, akafungua mlango, akapaza sauti kuelekea garini: "Wewe! Ingia ndani, chai inapoa."