Alama za Rangi ya Kucha

Kila akitoka shule, Shamsa hupita nyumbani kubadili sare, hula kilichobaki chunguni, kisha huyoo, mbio gerejini kwa mama yake mdogo, Fundi Vumilia. Gereji iko kando ya barabara ya Soni, unapoingia mjini Lushoto. Watu waliowahi kucheka na kusema mwanamke na spana wapi na wapi, siku hizi ndio wanaopanga foleni pale. Kazi ya Shamsa ilikuwa kuosha vipuri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hamu yake kubwa ilikuwa siku moja kuruhusiwa kukaza nati kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki hiyo gerejini palikuwa na pikapu ya baba yake, Mzee Omari, anayoshushia kabichi Mombo. Turbo yake ilikuwa ikivuja. Turbo ndiyo inayosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini, na bila hiyo gari lenye mzigo hupanda mlima likihema kama mgonjwa wa pumu. Oili ilipenya ndani yake, na pikapu ikawa inatoa moshi wa buluu hadi majirani wakawa wanafunga madirisha wakiisikia inakuja.

Kupata vipuri nako kulikuwa kazi. Jafari, muuza vipuri wa Tanga, alituma kwa basi seti ambayo ringi zake za kuzuia oili zilikuwa kubwa mno. Fundi Vumilia alimpigia simu akiwa amefura.

"Jafari, soma namba ya kwenye kibati, usiangalie sura ya turbo! Ukikosea tena, mimi na wewe basi, na mafundi wote wa huku juu nitawaambia."

Jafari aliomba radhi, akaomba atumiwe picha za turbo pande zote. Fundi Vumilia alimtumia, kisha akazifuta kwenye simu yake, maana simu ile ilikuwa imejaa siku zote. Jafari alizunguka maduka ya Tanga mpaka akapata seti sahihi.

Sasa, Fundi Vumilia alikuwa na utaratibu wake. Feni ya turbo, shafti yake na nati inayoishika huzunguka kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo lazima virudi vilevile vilivyokuwa; vikikaa vinginevyo, vinayumba. Basi kabla ya kuvifungua huvitia vidoa vya rangi nyekundu ya kucha, vikiwa kwenye mstari mmoja. Wateja walimtania kwamba kucha zake hazijawahi kuonja rangi ile, zinazopakwa ni za magari tu.

Siku mzigo ulipofika, alikwenda stendi kuupokea. "Shamsa, osha feni na shafti kwa dizeli, polepole," aliagiza. "Petroli usiguse."

Lakini Shamsa alitaka ving'ae. Dizeli haikung'arisha, akachovya brashi kwenye petroli na kusugua kwa bidii. Vilipong'aa akavinyanyua kwenye mwanga. Vile vidoa vyekundu havikuwepo tena, hata kimoja.

Alikaa akivitazama. Kisha akachukua ile chupa ndogo, akachora vidoa vingine kwa kukisia. Nani atajua? alijiambia. Vyekundu ni vyekundu.

Fundi Vumilia aliporudi alifurahi kupita kiasi. "He! Vinang'aa hivi? Mwanangu, leo nati utaikaza mwenyewe."

Jambo aliloliombea miezi mingi lilikuja siku ambayo hakulitaka. Shamsa alishika spana, akalinganisha vidoa vyake vya uongo, akakaza. Kila alipofungua kinywa aseme, mama mdogo alimsifu tena, na maneno yakarudi tumboni.

Turbo iliporudishwa kwenye gari, Mzee Omari alikuja kulijaribu. "Fundi mpya akae katikati yetu," alisema akicheka.

Shamsa akabanwa, baba huku, mama mdogo huku. Upande mmoja wa barabara ulikuwa ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Hapakuwa na pa kushukia wala pa kuangalia. Aliogopa kupumua. Wao wawili walikuwa wakizungumza juu ya kichwa chake, wakimpangia kusomea ufundi.

Walipogeuza Soni na kuanza kupanda, turbo ikaanza kulia, mluzi mwembamba unaokera sikio. Baba alitazama kioo. Moshi wa buluu ulikuwa unawafuata.

Fundi Vumilia hakungoja. Alimpigia Jafari na kuweka simu kwenye spika. "Umeniuzia feki!"

"Dada Vumilia, wallahi, hiyo seti ni yenyewe," Jafari alisema.

"Usiniapie! Kuanzia leo hakuna fundi wa Lushoto wala Mlalo atakayenunua kwako. Nitahakikisha."

"Dada," sauti ya Jafari ilishuka, "usinifanyie hivyo. Watoto wangu wanakula kwenye duka hili."

Shamsa aliona pumzi imemwishia kabisa.

"Baba, simamisha gari."

"Unataka kutapika?" Mzee Omari alisogea pembeni, akavuta breki. Lakini Shamsa hakushuka.

"Siyo Jafari," alisema, na machozi yakaanza. "Ni mimi. Niliosha kwa petroli, alama zikafutika, nikachora nyingine kwa kukisia. Shikamoo, mjomba Jafari. Nisamehe."

Gari la nyanya liliwapita likipiga honi. Fundi Vumilia alikuwa akiitazama simu mkononi kama kitu asichokijua.

"Marahaba, binti," hatimaye Jafari alisema, akashusha pumzi. "Dada, zile picha ulizonitumia ninazo bado. Hata vidoa vyekundu vinaonekana."

"Jafari," Fundi Vumilia alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuvunjia heshima bure. Nisamehe na mimi."

Turbo ilipofunguliwa, walikuta ringi mpya zimeliwa kwa kule kuyumba kwa feni. Jafari alituma seti nyingine, na kabichi za Mzee Omari zikabaki shambani zikimsubiri. Shamsa aliliona rundo la kabichi hizo kila alipokwenda shule. Fundi Vumilia alifuata picha na kurudisha feni mahali pake, na pikapu ikapanda kutoka Soni na mzigo wake bila mluzi wala moshi.

Jioni hiyo alimwita Shamsa kwenye benchi la gereji.

"Kufuta alama ni bahati mbaya, hata mimi ingenitokea. Ungeniambia palepale, tungemwomba Jafari picha, tukacheka, tukafunga. Ulipochora za uongo ndipo ulipoharibu. Mimi nikaamini nisichopaswa kuamini, nikamtukana mtu mwaminifu, baba yako akakosa safari. Na wewe mwenyewe ukakosa pumzi."

"Ndiyo, mama mdogo."

Fundi Vumilia alimwekea ile chupa ya rangi kiganjani.

"Turbo ya kesho utaitia alama wewe. Na siku ukiharibu, maana utaharibu tu, niite mikono yako ingali michafu. Usisubiri kunawa."