Leo Hii, Alisema Daktari

Kila asubuhi kabla ya skuli, Dalila alimchemshia bibi yake chai ya tangawizi, naye bibi akamsuka nywele huku akiwasema watu wa Guangzhou, huko China, kwa kunywa maji ya moto matupu, na nchi yao inalima chai! Bibi Mwanakhamis alitoka Unguja kumtembelea mwanawe Yasir, baba yake Dalila, aliyekuwa akisafirisha mizigo ya wafanyabiashara. Mama yake Dalila alikuwa Unguja, amekwenda kujifungua.

Balaa lilianza na viatu vipya. Bibi alizunguka navyo maduka ya vitambaa ya mtaa wa Kangle mpaka vikamchubua kidole cha mguu, na kidonda kikagoma kupona. Baba alikuwa bandarini Huangpu akisimamia makontena. Basi alimwambia Dalila ampeleke bibi hospitali, maana Kichina kilimtoka mtoto yule kama maji.

Mlangoni mwa hospitali bibi alimkamata mkono. "Babu yako aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka kafunikwa shuka. Mie sitaki kulazwa, mjukuu wangu."

Daktari alipima damu, akakikagua kidonda, uso ukambadilika.

"Ana kisukari, na sukari imepanda sana," alimwambia Dalila kwa Kichina. "Kidonda kinaoza kwa ndani. Lazima alazwe leo. Leo hii."

"Kasemaje?" bibi aliuliza.

Dalila aliutazama uso ule uliojaa hofu. Huruma ikamzidi nguvu.

"Kasema ni kidonda cha kawaida. Upake dawa tu."

Kisha akamgeukia daktari, akamdanganya naye: watarudi jioni pamoja na baba. Bibi alitoka akicheka.

Tangu hapo maneno ya daktari hayakumwacha Dalila. Aliyasikia kwenye lifti, akayasikia katikati ya somo la hesabu: leo, leo hii. Nyumbani bibi alitembea akiburuta mguu, na chumbani mwake mlikuwa na harufu ambayo Dalila peke yake alijua inatoka wapi. Baba alipouliza, alijibu, "Anaendelea vizuri." Aliogopa kunyamaza, na kusema akaogopa zaidi.

Siku ya tatu alirudi kutoka skuli akamsikia bibi anazungumza. Alidhani wamepata mgeni.

"Gharib, mbona umesimama? Kaa basi. Umenifuata mpaka huku?"

Gharib lilikuwa jina la babu, aliyefariki miaka mitano nyuma. Dalila alisukuma mlango. Bibi alikuwa peke yake kitandani, anatetemeka kwa homa, ameikodolea macho pembe tupu ya chumba. Dalila naye alihisi kabisa kwamba pale pembeni kuna mtu anangoja.

Alimpigia baba simu huku analia. "Baba, nilidanganya! Daktari alisema alazwe. Njoo!"

Bibi alilazwa siku ileile. Homa ilishuka baada ya siku mbili, akamtambua kila mtu. Kichina cha baba kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo bibi alimgeukia Dalila tena.

"Muulize, mguu wangu vipi?"

Daktari alijibu. Dalila alimtazama baba yake, lakini baba akamwachia aseme mwenyewe.

"Mguu utapona," Dalila alisema kwa shida. "Lakini kidole kimekufa, bibi. Watakikata kesho. Kasema ungelazwa siku ile, kingepona." Akaangua kilio. "Nisamehe!"

Bibi alifumba macho, machozi yakamtoka naye.

"Nimekusamehe. Ulinionea huruma, najua, tena mimi ndiye niliyekutia hofu. Lakini mgonjwa huambiwa ukweli kwanza, kisha achague mwenyewe. Wewe ulinichagulia bila mimi kujua. Usimfanyie mtu hivyo tena, hata umpende vipi. Nawe Yasir, kazi ya kunipeleka hospitali ilikuwa yako, si ya mtoto."

"Kweli, mama," Yasir alisema, ameinamisha kichwa.

Bibi akaunyoosha mkono wake, akaushika wa mjukuu wake. "Haya, muulize: kitauma?"

Dalila aliuliza. Daktari alieleza kwa kirefu, na Dalila akasikiliza mpaka mwisho.

"Wakati wa kukata hutahisi kitu," alisema. "Lakini baadaye kitauma, bibi. Kitauma sana."