Gari Lililoachwa Lilale

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Kitinda alichukua kitambaa na kwenda kulipangusa gari la baba. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Baba alipolazwa hospitali, alimkabidhi yeye ufunguo.

"Usiliache lilale, mwanangu. Kila wiki liamshe. Kanyaga klachi, washa injini, iache ingurume kidogo."

Mwanzoni alifanya hivyo. Kisha mvua zikaanza, uvivu ukamwingia, akaona kupangusa vioo kunatosha. Baba alipouliza kwa simu, alijibu, "Nimeliamsha, baba."

Ikafika siku ya baba kuruhusiwa. Mshono wake ulikuwa bado mbichi, hangeweza kupanda magari ya kusukumana. Betri ilikuwa imekufa; kaka yake akaazima ya jirani, injini ikawaka, lakini gia zikagoma kuingia. Akamwita fundi.

Fundi alizima injini, gia ikaingia. Akaiwasha, gia ikakwaruza na kugoma.

"Klachi haiachii," alisema. "Ama pampu yake haisukumi, ama pleti, kile kisahani cha klachi, imegandishwa na kutu kwa gari kukaa. Lilikuwa linawashwa?"

"Ndiyo," Kitinda akadakia. "Kila Jumamosi."

"Basi si kutu. Ni pampu."

Akajilaza chini, akaanza kufungua. Mchana baba akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyonge. "Kitanda wamempa mgonjwa mwingine. Niko kwenye benchi hapa nje. Msijali, nitangoja." Kitinda aliona aibu.

"Pampu nzima kabisa!" fundi alisema, akijikuna kichwa. "Sasa itabidi nishushe gia boksi. Hiyo ni kazi ya kesho."

Kitinda akaangua kilio. "Fundi, nilidanganya! Tangu mvua zianze sijaliwasha hata mara moja."

Fundi hakumgombeza. Alirudisha pampu, akatoa hewa iliyoingia kwenye bomba lake, akaiacha injini ipate moto, kisha akaizima na kuwaambia wakae mbali. Akaingiza gia, akakanyaga klachi hadi mwisho, akawasha. Gari likaruka mbele. Akalizungusha uwanjani, mafuta kidogo, breki kidogo, mpaka kitu kikalia ta! Pleti ilikuwa imebanduka. Gia zikaingia laini.

Walimkuta baba peke yake kwenye benchi, mfuko wa nguo mapajani, jua likizama. Kabla hata ya kumpa pole, Kitinda alimweleza yote.

"Uvivu wako fundi angeumaliza asubuhi ileile," baba alisema. "Ulipoulizwa, ungesema kweli, mchana ningekuwa nyumbani. Uongo ndio ulioniweka hapa, mwanangu. Umewaumiza wawili, mimi na fundi uliyempeleka kusikokuwa na hitilafu."

Kisha akauchukua ufunguo kwa kaka na kumrudishia Kitinda.

"Jumamosi utaliamsha?"

"Nitaliamsha, baba," Kitinda alijibu, akifuta machozi. "Na nisipoliamsha, nitakwambia sikuliamsha."