Bolti ya Gurudumu la Kushoto

"Shangazi amelazwa. Wodi ya kushoto."

Simu ikakatika.

Sumaku aliishusha simu sikioni. Katika idara yao ya ujasusi hakuna aliyekuwa na shangazi mgonjwa. Maneno yale yalimaanisha kwamba zile bolti za magendo zilizosakwa miezi minne zimeonekana. Zimo kwenye gurudumu la kushoto la ndege ya saa nne na nusu, tangu mwaka juzi.

Abiria sabini na mmoja.

Na rubani alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Sumaku alikuwa kwenye maabara ya karakana ya ndege, amevaa koti jeupe la mkaguzi na bastola ya Glock imebanwa kiunoni. Fundi wa maabara, mtu mnene aliyekubali kumsaidia kwa siri, alikuwa amekata bolti moja ya magendo kati ya mbili zilizonaswa bandarini, akaisugua ikang'aa, akaipaka asidi na kuiweka chini ya hadubini.

"Hebu chungulia, bibie."

Chembe za chuma zilikuwa zimepangana kama vigae vya sakafu. Vigae vikubwa mno.

"Chembe zikiwa ndogondogo, ufa mchanga hukwama kila unapofika mpakani mwa chembe," fundi alinong'ona. "Walioitengeneza wamekichoma chuma kupita kiasi, chembe zimevimba. Ufa unateleza tu. Kila ndege ikitua, unasogea."

"Itahimili kutua mara ngapi?"

Fundi akanyoosha kidole kwenye mashine iliyokuwa ikivuta na kuachia bolti ya pili. Tu. Tu. Tu. Kila mvuto ni sawa na kutua mara moja.

"Bolti halali inavuka elfu sitini. Hii iko elfu tatu na mia moja, na ufa nauona kwa macho. Ndege ya dada yako imetua mara ngapi?"

Sumaku alilijua jibu. Elfu tatu na ushei.

Aliupiga picha ule ufa na kubonyeza kuituma kwa Mkuu wa idara. Mnara wa kuongozea ndege haungezuia safari bila ushahidi.

Mlango ukafunguliwa.

Msambazaji wa vipuri, aliyeziuza zile bolti, aliingia na suti yake nadhifu. Mkononi, bastola yenye kizuia sauti.

"Simu mezani. Na hiyo ya kiunoni."

Alitii. Kwenye kioo cha simu, duara dogo lilikuwa bado linazunguka. Picha haijaenda.

Fundi alianza kulia kimyakimya.

"Nani mwingine anajua?"

Sumaku aliitupia jicho mashine. Bega la yule mtu lilikuwa karibu kugusa mashine. Nyuma yake, ufa wa bolti ulifunguka na kujifunga kwa kila mvuto, kama mdomo.

Mpe maneno. Maneno yoyote, mpaka bolti ikatike.

"Nikikutajia, utatuacha?"

"Taja kwanza."

"Wako watatu..."

Tu. Tu.

"Wa kwanza ni—"

PAA!

Bolti ilikatika kwa mlio kama wa risasi. Msambazaji aligeuka, akaifyatulia mashine risasi. Sumaku alimrukia, akaugonga mkono wake kwenye ukingo wa meza hadi bastola ikaanguka, kisha akamlaza chini na kumkalia mgongoni.

"Fundi, pingu! Mfukoni mwangu!"

Akainyakua simu. Duara lilikuwa limesimama. Imeshindikana.

Akatuma tena. Saa nne na dakika ishirini na nane.

Imeenda. Akampigia Mkuu.

"Mkuu! Fungua picha!"

"Naiona. Subiri."

Alisubiri, bado amemkalia msambazaji. Dakika moja. Ya pili.

"Wamesimamishwa mwanzoni mwa njia ya kurukia," Mkuu akasema.

Bila kumweleza rubani lolote, wakaguzi walifungua bolti moja ya gurudumu la kushoto. Ufa ulikuwa umeshakula zaidi ya nusu.

Polisi walipomchukua msambazaji, Sumaku alivua koti la mkaguzi, akashuka ngazi taratibu. Simu ikalia.

"Mdogo wangu, nimezuiwa huku bila maelezo," dada yake alifoka. "Abiria wananitukana mpaka basi!"

Sumaku akafumba macho, akazisikiliza zile kelele za watu sabini na mmoja.

"Waache watukane, dada," akasema, akatoka nje juani.