Damu ya Wiki za Kwanza

Kila asubuhi Laurentine alikaanga maandazi madogo yaitwayo beinye mbele ya parseli, ua waliokaa pamoja na majirani, katika komuni ya Dilala, mjini Kolwezi. Wanafunzi walinunua wakienda shule. Waendesha moto, yaani pikipiki za abiria, walikula wamesimama, vidole vimejaa mafuta. Mume wake, Beya, alikuwa fundi wa umeme. Mama mkwe wake, Mama Mbelu, aliishi nao katika nyumba ya zamani ya kampuni ya migodi. Babu yake Beya aliipata nyumba hiyo alipoletwa kutoka Kasai kufanya kazi.

Ndoa ilikuwa katika mwaka wa tatu, bila mtoto. Mama Mbelu hakumtukana Laurentine. Alikuwa anaguna tu. Laurentine akipita na sahani, anaguna. Akicheka na wateja, anaguna. Mguno wa namna hiyo unachosha kuliko matusi, kwa sababu huwezi kuujibu.

Asubuhi moja harufu ya mafuta ilimchafua Laurentine roho. Aliacha karai motoni, akakimbia nyuma ya nyumba kutapika. Jirani yao, Mama Adolphine, alimwona. Huyu ni muuguzi katika kituo cha afya cha mtaa. Kwao ni kaskazini mwa Katanga, na si mtu wa kuzungushazungusha maneno.

"Laurentine, ni malaria ao ni kitu ingine?"

"Sijue, Mama. Niko nachoka bure. Maziwa inaniuma. Na ku choo naenda kila saa."

"Na damu ya mwezi?"

"Sikuiona."

"Basi tutapima, lakini naona ni mimba. Hii yote unasikia njo mwanzo yake. Kula kidogo kidogo, mara mingi. Kunywa maji. Lala mu chandarua. Usinunue dawa bila kuniuliza, hata ya kichwa."

Laurentine alianza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Ngoja, sijamaliza," Mama Adolphine alisema. "Kesho kuya ku centre. Tutakupima, tutakupa vidonge vya kuongeza damu. Mutoto anajengwa sasa, haingojake mpaka tumbo ionekane. Na sikia vizuri: damu ikitoka, hata kidogo, kuya. Tumbo ikiuma sana chini, ao upande moja, ao ukisikia kizunguzungu, usingoje muntu. Kuya mbio."

Laurentine alimwambia Mama Mbelu habari hiyo wakichambua mchele. Kwa mara ya kwanza mama mkwe alimtabasamia.

"Sasa funga kinywa," Mama Mbelu alisema. "Usimwambie muntu. Na ku centre usiende, bantu batakuona. Mimba changa ikisemwa, benye wivu banaiharibu. Ngoja tumbo ionekane."

Laurentine alilitaka sana lile tabasamu libaki. Kwa hiyo hakwenda kituoni. Mama Adolphine akimuuliza, anajibu, "Nitakuya, Mama." Wiki zikapita hivyo.

Kisha siku moja tumbo lilianza kumuuma, chini, upande wa kushoto. Damu nyeusi ilitoka kidogo. Baadaye maumivu yakawa kama kisu, na bega nalo likaanza kuuma. Laurentine alilala kwenye mkeka, amejikunja. Mama Mbelu aliona damu kwenye kitenge. Tabasamu likafutika.

"Tshibawu," alisema.

Neno hilo linawatisha Waluba wa Kasai. Ni sheria ya ukoo. Inasema mke akimruhusu mwanamume mwingine amguse, kisha akanyamaza, balaa litaingia nyumbani. Mume atakufa, au watoto. Balaa haliondoki mpaka mke aseme mbele ya wakubwa. Sheria hiyo haimuulizi mume alilala wapi. Na siku ile Mama Mbelu hakuuliza kama mgonjwa ana homa, wala kama anaona kizunguzungu. Alichukua simu, akampigia Tata Kabasele, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, aliyekuwa Kasaji.

"Asitoke nyumbani mbele ya mimi kufika," Tata Kabasele alijibu.

Njia ya kutoka Kasaji ni ndefu na mbaya. Beya alirudi kutoka kazini, akamkuta mke wake amekuwa wa rangi ya majivu.

"Beya, nipeleke ku lopitalo."

"Mama anasema tungoje Tata Kabasele."

"Niko nakufa, Beya."

Beya alikaa kwenye kiti, akashika kichwa. Mtu mzima, mwenye nguvu, anayepanda nguzo za umeme bila hofu! Alikaa hapo kwa sababu mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

Mama Adolphine hakuona moshi wa beinye siku hiyo. Jioni alipotoka kazini aliingia kuuliza. Alimpita Mama Mbelu, akapiga magoti, akavuta ngozi chini ya jicho la mgonjwa. Ndani palikuwa peupe.

"Damu imemuishia. Bega inauma?"

"Inauma," Laurentine alinong'ona.

"Basi damu iko namwangika ndani ya tumbo. Beya, tafuta taxi. Sasa hivi!"

"Hapana," Mama Mbelu alisema. "Mbele aseme. Akitoka bila kusema, mutoto wangu njo atakufa."

"Mama Mbelu, akishakufa, nani atasema?"

"Aseme!"

Majirani walikuwa wamejaa uani. Watoto walipanda ukuta ili waone. Laurentine aliangalia mlango, akamwangalia mume wake, akaona hakuna njia nyingine ya kutoka.

"Nilikosa," alisema. "Nililala na mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Mechack. Ule wa moto, mwenye alihamia Likasi."

Ulikuwa uongo. Mechack alinunua beinye kwake, basi. Laurentine alimtaja kwa sababu alikuwa mbali, na hakuna mtu angeweza kumpiga usiku ule. Mama Mbelu alisogea kutoka mlangoni. Beya akambeba mke wake.

Hospitalini walimpima kwa ekografi, mashine ya kuona ndani ya tumbo, wakampasua mara moja. Beya alitoa damu yake. Mama Adolphine alingoja pamoja naye. Daktari alipotoka, alisema mgonjwa ataishi. Mimba haikuweza kuokolewa, na mrija mmoja umekatwa.

"Mrija ni nini?" Beya aliuliza. "Na ni juu ya ule mwanaume?"

Mama Adolphine alivuta pumzi ili asimpige kofi.

"Mrija ni njia ndogo, yai inapita mule kuenda mu kizazi. Mimba yake haikufika mu kizazi. Ilibakia mu njia, ikakomea mule. Ile njia haiwezi kutanuka, njo ilipasuka. Inaweza kufikia mwanamuke yeyote, hata mwenye hajaangalia mwanaume mwingine. Mara ingine ugonjwa ya zamani iliharibu mrija. Mara mingi hatujue ni juu ya nini. Lakini haiko kulala inje, haiko laana, haiko kubeba ndoo."

"Na benye mimba inatokaka bure mu mwezi ya kwanza?"

"Njo vile. Mingi inatoka juu ya kuwa haikujengwa muzuri tangu mwanzo. Muke hana kosa. Angalikuya mapema, ekografi ingalituonyesha mbele ya mrija kupasuka. Nilimuita. Nani alimukataza?"

Beya aliinamisha kichwa. Alijua.

Kesho yake Tata Kabasele alifika na kuku mweupe wa kuondoa balaa. Mama Mbelu alimpokea kwa furaha. "Alisema, na akapona," aliwaambia wote. "Muliona? Alisema, na akapona."

Laurentine aliporudi nyumbani, kidonda bado kibichi, habari ilikuwa imezunguka mtaa. Wanawake wengine waliacha kununua beinye zake. Wanaume walinunua, wakimtazama vibaya.

"Najua ulidanganya," Beya alimwambia.

"Basi babambie."

"Ni mama yangu, Laurentine."

Laurentine aliendelea kukaanga. Hakuweza kulilia mimba yake, kwa sababu kila mtu alisema mimba ile ilikuwa malipo ya dhambi.

Mwaka uliofuata, Bilonda, mdogo wake Beya, alikuja kumtembelea mama yake. Naye alikuwa na mimba changa. Walikuwa wanakula ugali wa bukari Bilonda aliposimama. Nyuma ya kitenge kulikuwa na damu.

Mama Mbelu alipiga kelele. "Taxi! Beya, leta taxi! Mutoto wangu!" Alikimbia barabarani bila viatu. Hakutaja ukoo. Hakupiga simu Kasaji.

Laurentine alikwenda nao hospitalini. Alimshika Bilonda mkono njia nzima, maana aliijua hofu ile. Ekografi ilionyesha mimba iko ndani ya kizazi, na moyo unapiga.

"Damu kidogo inatokaka mara ingine, na mimba inaendelea," Mama Adolphine, aliyekuwa amewafuata huko, aliwaeleza. "Lakini huwezi kujua ni damu ya namna gani kama umekaa ku nyumba. Mulifanya vizuri kuleta mbio."

Mama Mbelu alikaa kwenye benchi, akapangusa jasho. "Asante Mungu," alisema. "Asante."

Laurentine alisimama mbele yake.

"Mama, Bilonda alitaja mwanaume gani?"

"Mwanaume gani tena? Mutoto alikuwa natoka damu!"

"Na mi nilikuwa natoka nini?"

Beya aliangalia sakafu, kisha akainua uso. Ilimchukua mwaka mzima kuinua uso ule.

"Jibu, Mama," alisema. "Laurentine hakulala na muntu. Mama Adolphine alinielezea yote. Nilinyamaza."

Walirudi nyumbani. Kwenye mlango wa parseli Mama Mbelu alimshika Laurentine mkono, akasema polepole, "Hukukuwa na kosa."

"Sema kwa nguvu, Mama. Ile siku parseli muzima ilisikia."

Mama Mbelu aliangalia uani. Wanawake walikuwa wanafua. Halafu alisema kwa sauti kubwa, "Laurentine hakukuwa na kosa! Alikuwa mugonjwa. Mi nilimufungia mulango mpaka akajisemea uongo. Nyinyi bote munisikie: mu nyumba hii, muke akitoka damu, tunamupeleka ku lopitalo. Hakuna mwenye atamuuliza kitu!"

Wanawake waliacha kufua. Laurentine alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha aliingia chumbani, akafunga mlango, na hatimaye akaililia mimba yake.