Baba wa Maigizo

Mwalimu na muuguzi walikutana kwenye foleni ya kujiandikisha kwa mafunzo, watu wamejaa ukumbini wanasukumana. Muuguzi alivaa gauni la bluu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Mwalimu akaiazima, akaikalia mpaka jioni kwa makusudi, apate sababu ya kumtafuta. Wiki ya tatu walikuwa wanaitana "mpenzi" mbele za watu.

Mafunzo yenyewe yaliwakutanisha walimu, wauguzi na wanasaikolojia, wajifunze kumsaidia mtoto mwenye shida za akili pamoja na familia yake kwa mpango mmoja, badala ya kila mtu kumhoji upya. Akatokea mwanasaikolojia mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, sauti nzito. Wenzake wakambandika jina: Mtanashati. Akapangwa jozi na muuguzi, wamhudumie mtoto mmoja wa kliniki na familia yake, na simu zikaanza.

"Mnaongea nini kila siku?" mwalimu akauliza.

"Mtoto wa kliniki, mpenzi. Siwezi kukuambia, ni siri yake."

"Siri ni ya mtoto. Na vicheko ni vya nani?"

Muuguzi akacheka. Mwalimu akanuna siku nzima.

Siku ya maigizo mkufunzi akagawa nafasi: muuguzi mama, Mtanashati baba, mwalimu mtoto wa miaka minane asiyetaka kusema. Mwalimu akajikunja kwenye kiti kidogo, magoti yamegusa kidevu. Mtanashati akamshika muuguzi mkono.

"Mke wangu, tuongee na mtoto wetu."

"Huyu si baba yangu!" mwalimu akafoka. "Mwachie mkono!"

Makofi yakalipuka. Mkufunzi akamsifu kwa kipaji. Muuguzi peke yake ndiye aliyejua kwamba pale hapakuwa na maigizo hata chembe. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mwalimu akampigia mara nne. Ya tano akapokea.

"Una wivu?"

"Nani, mimi? Nilikuwa naigiza."

"Haya, kaigize na wengine."

"Usikate!" Alishaanza kukimbia. Akamkuta kwenye ngazi, akakata simu yake akihema. "Ninao. Unaniunguza. Yule anapendeza, mimi nina chaki mpaka kwenye kola. Naogopa utaniacha."

"Hayo ungeniambia mimi, usiyapitishe kwenye kinywa cha mtoto. Watoto wanatubebea mengi mno. Na jozi sibadilishi. Ile familia imehangaishwa vya kutosha. Kama huwezi, sema sasa hivi."

Simu ya muuguzi ikaita. Mtanashati. Wote wawili wakaliangalia jina.

"Pokea," mwalimu akasema. "Kuna mtoto anasubiri."

Akasogea mbali, asisikie. Wivu ulikuwa palepale. Dakika tatu zilimtosha kumchukia Mtanashati, shati lake na pasi yake.

Muuguzi akamfuata, macho yamelainika.

"Jumamosi una kazi?"

"Kwa nini?"

"Mama anataka kumwona anayetaka kunioa."

"Nani kasema nataka kukuoa?"

"Hutaki?"

"Nataka," mwalimu akasema upesi, kabla simu haijaita tena.