Sikumjibu Akiwa Juu ya Mti

"Nakata!"

Kimya.

"Nakata, mke wangu!"

Nikanyamaza. Mkono mmoja nimeshika kamba, mwingine nimeshika simu yake, na macho yangu hayapo kwenye mti kabisa.

Mume wangu wanamwita Kindi, na jina limemkaa. Ni fundi miti. Huku ugenini watu wana miti mikubwa uani na woga wa kuigusa, kwa hiyo wanatupigia sisi. Yeye anapanda na msumeno wa mashine, analifunga tawi kwa kamba, ndipo analikata. Mimi nipo chini, ile kamba nimeizungusha kwenye shina, nalishusha tawi polepole lisije likavunja paa la mtu. Bosi hatuna. Bosi ni sisi wawili na gari letu bovu.

Sheria yetu ni moja tu. Yeye anasema "nakata," mimi natazama huku na huku, nasema "kata." Nisipojibu, msumeno haugusi tawi. Hata siku tulizonuniana tangu kitandani, hilo tulijibizana.

Siku hiyo sikujibu, na nilikuwa na sababu.

Simu yake huwa naishika mimi akipanda, maana ya kwanza ilimponyoka akiwa juu ikasambaratika. Sasa ujumbe ukaingia. Nikaona ni wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la mtaa wa pili. Nikaufungua bila wasiwasi.

"Shem, ghalani nimeshaaga. Jumatatu nakuja kushika kamba. Dada umeshamwambia kwamba hafanyi tena? Mimi namwogopa, sitaki anipigie kelele."

Nikausoma mara ya pili. Damu ikanipanda.

Kwa wiki kadhaa mwanaume alikuwa hatulii. Anakaa, anainuka. Anafungua friji, anaifunga bila kuchukua kitu. Ukimuuliza, "uchovu tu." Na mimi nikaacha kutulia, nikadhani kuna mwanamke. Nilishapekua mpaka mifuko ya suruali zake. Kumbe anayeachwa kweli ni mimi, na aliyeletwa kuchukua nafasi yangu ni ndugu yangu wa damu mwenye ndevu!

"Wewe huko chini! Umelala?"

"Sijalala. Jumatatu nani anashika kamba?"

Uso wake ukachungulia kutoka kwenye majani.

"Nani kakwambia?"

"Sijauliza nani kaniambia. Nimeuliza nani anashika kamba."

"Mke wangu, tushushe hili tawi kwanza. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani unaongea na friji. Tunaongea hapa hapa."

"Tawi limeshafungwa! Mgongo unaniuma! Sema kata!"

"Sisemi."

Dirisha la jikoni likafunguliwa. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, akatoa kichwa, kikombe mkononi.

"Kuna tatizo?" akaniuliza kwa lugha yao.

"Hakuna, mama. Tunapanga kazi."

"Mbona mume wako anapiga kelele?"

"Ndivyo anavyopanga."

Kiswahili hajui hata neno, lakini dirisha hakulifunga. Akavuta kiti akakaa.

Nikampigia mdogo wangu. Nikaweka spika na kuinua simu juu ili bwana mkubwa naye asikie.

"Haloo shem! Vipi, kakuelewa?"

"Shem wako yupo juu ya mti. Unaongea na dada yako."



"Dada... shikamoo."

"Marahaba. Nani kakupa kazi yangu?"

"Dada, mimi sina kosa. Shem kaja mwenyewe ghalani wakati wa mapumziko, anatetemeka. Kaniambia nisikwambie."

"Anatetemeka kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Ila hivi dada, alikwambia kwa nini alinunua kamba mpya?"

Sauti ikashuka kutoka kwenye majani kama jiwe.

"Wewe mtoto, funga mdomo!"

"Endelea," nikamwambia.

"Dada, naona mtandao unasumbua." Akakata.

Nikaitazama kamba nyingine, ile iliyomshikilia mume wangu kiunoni. Ilikuwa bado inang'aa. Aliniambia ya zamani imechakaa, na mimi nikamwamini, kamba si zinachakaa?

"Kindi. Kamba ya zamani ilikuwaje?"

"Ilichakaa."

"Kindi!"

Akajibu, na sauti ilikuwa ndogo mpaka nikalazimika kusogea.

"Niliikata."

"Uliikatia wapi?"

"Huku juu. Nikiwa nimening'inia. Msumeno ukaigusa, ukaila nusu. Bado kidogo tu, mke wangu."

Nikaliegemea shina.

"Wewe? Mtu unayenisumbua mimi kila siku niangalie kamba?"

"Unakumbuka lile tawi la kwa yule mwalimu? Lililoyumba likakupita hapo kichwani?"

"Nakumbuka. Lilinichana nywele."

"Ndivyo ulivyosema siku ile. Ukacheka. Mimi tangu siku ile nikiwasha msumeno siuangalii, nakuangalia wewe. Umesimama wapi, umesogea, umeteleza. Na siku ile ya kamba nakuangalia wewe, mkono unakata kamba yangu mwenyewe. Nikajua hapa ama nitakuua ama nitakufa. Nikaona bora asimame mtu mwingine."

"Kwa hiyo mdogo wangu akipondwa ni sawa?"

"Mdogo wako simpendi hivyo!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa nguvu. Kicheko kingeniharibia hasira yangu, na hasira ilikuwa bado haijaisha kazi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye unaongea na wateja. Gari unaendesha wewe. Mbwa wakali wa watu unawafokea wewe. Huogopi kitu. Mimi nije nikwambie naogopa?"

"Nani kakwambia siogopi?"

Akajifanya anakagua fundo la kamba.

"Nimekuuliza, Kindi. Nani kakwambia siogopi? Kila asubuhi ukifunga huo mkanda nahesabu vifungo vyote kwa macho. Tawi likilia, naangalia kwanza kama ni tawi au ni wewe. Chakula cha mchana nakimeza ukiwa chini tu, umewahi kuniona nakula ukiwa juu?"

"Sijawahi."

"Miaka yote hii nasimama hapa, roho mkononi, nakutazama unaning'inia. Je, nilimtafuta mtu mwingine wa kupanda? Nilikwenda ghalani kupanga mambo na ndugu zako? Nilikufukuza kazi?"

"Hapana."

"Nilivumilia kwa sababu ni kazi yako na unaipenda. Na mimi hii ndiyo yangu. Nilikuwa nafagia ofisi za watu, hakuna aliyejua hata kama nimeingia au nimetoka. Hapa nikisema kata, mti unakatwa. Ulitaka kuninyang'anya hilo bila hata kuniuliza!"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Juu majani yakatikisika. Alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nisamehe, mke wangu."

"Sisikii."

"Nimesema nisamehe!"

Mtaa mzima ulisikia. Mbwa wa jirani akaanza kubweka.

"Kasema nini?" mwenye nyumba akauliza.

"Anaomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Alitaka kunifukuza kazi akaficha."

Yule mama akanywa kidogo, akafikiri.

"Mwache huko huko kwa muda," akasema.

Nilimwacha kwa muda. Kisha nikaona mkono wake ulioshika msumeno unatetemeka, na ule moyo wangu wa kila siku ukarudi mahali pake.

"Shuka," nikamwambia.

"Na tawi?"

"Limefungwa, haliendi kokote. Wewe huo mkono haukati kitu sasa hivi. Shuka."

Akashuka, na kamba yake ikabaki imening'inia kutoka kwenye tawi nene. Alipokanyaga chini hakujua afanye nini na mikono yake. Alitaka kunikumbatia, nikamwekea kiganja kifuani.

"Vua mkanda."

"Wa nini?"

"Vua."

Akavua. Nikaanza kuuvaa mimi.

"Unafanya nini wewe?"

"Unaogopa kuniangushia tawi, si ndiyo? Basi sikiliza. Mdogo wangu ameshaacha kazi kwa ujinga wenu, simtupi. Jumatatu ashike kamba ya matawi, na akizubaa namzaba kibao. Mimi nitakuwa juu na wewe. Huko huwezi kuniangushia kitu."

"Hujui kupanda!"

"Wewe unajua. Nifundishe."

"Ukianguka je?"

"Ehe!" nikamwambia. "Hilo swali ndilo ninaloishi nalo mimi. Karibu sana."

Nikadhani atakataa, na angekataa, nakuambieni ukweli, ningewasha gari nikaenda zangu na asingeniona tena hapo nyumbani. Nilikuwa nimeshaamua. Funguo zilikuwa mfukoni.

Akapiga magoti kwenye majani makavu, akaanza kunifunga mkanda. Alivuta kila kifungo, akarudi akavivuta vyote tena.

"Unabana."

"Ndivyo unavyotakiwa."

"Nisipumue?"

"Pumua taratibu."

Akanifunga kamba, akanionyesha pa kukanyaga. Nikapanda ngazi, kutoka ngazi nikashika gome, kutoka gome nikajivuta mpaka kwenye panda la kwanza, pale shina linapogawanyika. Wala si juu sana. Mikono ilinichubuka, na sijawahi kujisikia mzima vile tangu nifike nchi ile ya watu. Mwenye nyumba akanipungia kikombe.

Ndipo nikatazama chini.

Mume wangu alikuwa amesimama shingo imepinda, mdomo wazi. Kamba yangu ameing'ang'ania kwa mikono yote miwili. Jasho linamtoka na upepo ulikuwa wa baridi. Nilipojigeuza kidogo tu kukaa vizuri, alishtuka mwili mzima.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza.

"Shuka basi."

"Sikukuuliza hilo."

Macho yake hayakubanduka kwangu.

"Ulikuwa unaishije hivi kila siku?"

"Nilikuwa nakupenda," nikamjibu. "Usitazame pembeni sasa. Napanda tawi la pili."